Mashine ya Kunyanyua Simu

Simu iliingia nyumbani kwa Mzee Kipyegon siku ya Jumanne, na kabla haijalia hata mara moja ilikuwa imeshafungwa kwa kufuli.

Kufuli lenyewe lilikuwa dogo, la shaba, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Mosoti, fundi wa simu, ndiye aliyelipachika kwenye tundu la namba, ili kile kisahani cha kupigia kisizunguke.

"Mzee," akasema huku akijipangusa mikono kwenye ovaroli, "simu ya kupokea haina shida. Ya kupiga ndiyo inakula mtu. Ukisikia jirani anakwambia ana neno moja tu la shangazi yake wa Nairobi, ficha ufunguo."

"Hapa hakuna wa kupiga," Mzee akajibu. "Hii ni ya kupigiwa."

Phyllis, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya fundi. Aliinamisha macho asije akaonekana anatabasamu. Mzee akautia ufunguo kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kanisani, koti likarudi msumarini, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa hata kulikung'uta vumbi.

Miaka miwili na miezi minane waliingoja simu hiyo. Nguzo zilikuja zikafika kwenye kituo cha kununulia majani chai pale Kiptere, zikasimama kama ng'ombe waliokatazwa mto. Kila mwezi Mzee alivaa koti lake akaenda Kericho kuuliza, kofia mkononi, na kila mwezi vijana wa dirishani walimwambia nguzo bado. Alirudi jioni na viatu vizito kwa matope, akavikwangua kwa kisu, asiseme kitu. Phyllis naye hakuuliza. Alijua mumewe anatafuta nini, na mumewe alijua kwamba anajua.

Kwa sababu ni Mzee mwenyewe aliyesema, mbele ya watu, pale langoni, siku mtoto wao Kiplimo alipoondoka kwenda Amerika kusoma kwa nguvu ya miguu yake, maana alikuwa mkimbiaji. Asubuhi ile ndipo baba aligundua kwamba mtamba wake mwekundu ameuzwa na mwanawe bila yeye kuulizwa, nauli itimie. Kiplimo alikuwa ameshabeba begi. Alisimama kungoja kulaaniwa au kubarikiwa, na Mzee akamwambia, "Basi nenda. Na nisiisikie sauti yako tena."

Neno la baba si mate, ukitema likakauka. Wala kwetu halifutwi na barua. Linarudishwa na mdomo uleule uliolitoa: baba amsalimie mwana, mwana aitikie, ndipo baba alimeze neno lake na kutoa jingine jema. Bila kuitikiwa, hakuna linaloendelea. Huwezi kumbariki mtu ambaye hamjasalimiana.

Ndiyo maana ya nguzo zile zote.

*

Barua ya Kiplimo ilifika wakati wa likizo ya Aprili, mwaka ule wa tisini na saba. Fancy, kitinda mimba, alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni, akaisomea sebuleni. Kiplimo hakuwahi kumwandikia baba yake. Barua zote alimwandikia mama, na Mzee alikuwa na desturi ya kupata kazi ya mkono karibu na mahali barua inaposomwa. Siku hiyo alikuwa anatengeneza mpini wa jembe uliokuwa mzima.

"Mama," Fancy akasoma, "nimehama bweni la shule. Sasa nina chumba changu mwenyewe, na jiko, na dirisha la kuona barabara. Simu nimeweka. Mama, hutaamini. Niliwaambia asubuhi, na jioni ikawa inalia."

"Jioni ya mwaka gani?" Mzee akauliza mpini wake.

"Jioni ya siku hiyohiyo, Baba."

"Huko hawatumii nguzo?"

Fancy akacheka, akaendelea. Televisheni nayo ilikuwepo, imeletewa waya mpaka ndani ya ukuta, na ndani yake mlikuwa na steshoni arobaini, mtu mmoja hawezi kuzimaliza. Phyllis akasema, "Maskini, anaangalia peke yake." Kisha Fancy akafika mahali akasita.

"Nimenunua pia mashine ya kupokelea simu. Nikiwa siwezi kuinyanyua, yenyewe inanyanyua."

Mzee aliuacha mpini. Alicheka kicheko ambacho Phyllis alikuwa hajakisikia tangu mtamba auzwe. "Wazungu hawa! Mashine ya kufua, mashine ya kuosha vikombe, na sasa hata mkono wa kunyanyulia simu umewashinda, mpaka mashine iwanyanyulie!"

"Atakuwa na mikono yenye sabuni," Phyllis akamtetea mtoto wake. "Mashine inanyanyua, yeye anaongea."

"Atanenepa huyo. Mkimbiaji gani ananyanyuliwa simu?"

Wakacheka wote watatu, na hivyo ndivyo neno lile lilivyoingia katika nyumba ile. Lilipita likiwa kicheko, hakuna aliyelifungua kuona lina nini ndani.

Mwisho wa barua palikuwa na namba ndefu ajabu, tarakimu kumi na nne. "Mkipata simu, nipigieni jioni mnapokunywa chai ya saa kumi, mimi ndiyo naamka. Shule ikifungwa nitatafuta kibarua. Nisalimie watu wote." Hakuandika "nisalimie Baba." Fancy, mtoto mwenye akili, akaliongeza mwenyewe: "Na umsalimie Baba."

Mzee alijua limeongezwa. Alisema tu, "Iandike hiyo namba mahali isipotee." Fancy akaiandika kwenye kalenda ya kanisa, kwa kalamu nyekundu, kisha akamwandikia kaka yake majibu yenye namba yao mpya. Majibu hayo yalikaa ndani ya Biblia wiki tatu nzima yakingoja stempu. Kulikuwa na karo ya kulipa.

*

Tangu Pasaka Mzee alikuwa akilalamika kwamba ugali umekuwa na miiba. Mwezi wa tano ukawa ni uji tu, mwezi wa sita hata mursik, maziwa ya kuganda kibuyuni, anameza kwa kufumba macho. Walimpeleka hospitali ya Longisa. Daktari, kijana mpole, alimtia mrija wenye taa kooni, kisha akamwita Phyllis kando.

"Mama, nyumbani kuna watoto wangapi?"

"Mmoja yuko shule. Mmoja yuko Amerika."

"Huyo wa Amerika mwambieni. Na Mzee mpeni kile anachotaka."

"Anataka nyama," Phyllis akasema, kwa sababu hakuelewa. Daktari akamtazama, akamshika bega, na hapo akaelewa.

Sauti ya Mzee ilikuwa inakwenda kidogo kidogo, kama maji ya mtungi wenye ufa. Walipofika nyumbani alikaa kwenye kiti, akaashiria koti. Phyllis akamletea. Akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mkewe na kukikunja kwa vidole vyake mwenyewe.

"Mpigie," akasema. "Kabla hii sauti haijaisha."

*

Phyllis alisoma mpaka darasa la tatu. Namba alizijua. Saa kumi jioni alivua kitambaa cha mashono kilichofunika simu, akafungua kufuli, akaweka kalenda mapajani. Sifuri ndizo zilizokuja kwanza, tatu kwa mpigo, na sifuri ndiyo ndefu kuliko namba zote. Unaivuta mpaka mwisho, kisha unangoja kisahani kirudi polepole kikikereza. Alishusha pumzi kila namba. Mzee alikuwa chumba cha ndani, mlango wazi, amenyanyua kichwa kutoka kwenye mto.

Ikalia mbali. Ikalia tena. Mara nne. Kisha kitu kikabofya.

"Mashine imenyanyua!" Phyllis akanong'ona kuelekea chumbani.

Na ikaja sauti. Ilikuwa ni yeye. Ilikuwa Kiplimo mtupu, na kale kamkwaruzo alikotoka nako tumboni. Alisema maneno mengi ya Kiingereza, ya haraka, yanayopitia puani, na kati ya yote Phyllis aliokota mawili tu: "hom" na "pliz". Yuko hom. Anasema pliz. Hajui kama ni mimi, akawaza, anafikiri ni wazungu wenzake. Kisha kukawa na mlio, tiii, na kimya.

"Chamgei, Kiplimo?" akasema. Hujambo, ndiyo kusema. Akangoja.

Mtoto yeyote wa Kiptere, hata awe amelala, ukimwambia chamgei atakuambia mising. Phyllis hakuendelea. Mtu haendelei. Ukimwaga habari kabla salamu haijarudi, ni kama kumwaga maziwa kabla ya kushika kibuyu, na habari mbaya ndiyo kabisa. Kwanza mtu aitikie, uulize afya yake, akuulize yako, useme ni nzuri, ndipo useme "ila". Alingoja akisikia upepo wa mbali ndani ya waya.

Kikabofya. Tuu, tuu, tuu.

"Amesema nini?" Mzee akauliza.

"Laini imekatika."

Kesho yake alijaribu tena. Alizungusha sifuri zake, mashine ikanyanyua, Kiplimo akasema hom yake na pliz yake, tiii. Safari hii Phyllis akapaza sauti, kuku wakakimbia mlangoni. "Chamgei, mwanangu! Ni mimi mama yako!" Akangoja. Alingoja kwa heshima, pumzi ameibana, asije akamkatiza. Kikabofya.

Alibaki ameshika mkono wa simu. Mtoto amesikia sauti ya mama yake, amenyamaza, kisha ameweka chini.

*

Asubuhi alipeleka majani kituoni akiwa amechelewa. Siku za Longisa zilikuwa zimempita bila kuchuma, na majani yalikuwa yamekomaa. Gichana, karani wa kupima, aliingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa konzi, akalikunja jani mpaka likavunjika kwa mlio.

"Mama Amerika! Haya ni ya mbuzi. Kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, si kuni."

"Mzee ni mgonjwa, karani. Sikupata siku ya kuchuma."

"Si upige simu Amerika wakuletee mashine ya kuchuma?"

Foleni ikacheka. Phyllis akamwaga kikapu kizima pembeni, akachutama kuchambua mazuri na mabaya kwenye gunia huku wenzake wakimruka. Jirani yake, Mama Bosire, mwanamke wa Kisii aliyekuwa na maneno mengi na moyo mkubwa vilevile, aliacha kikapu chake akaja kuchutama naye.

"Wachana na Gichana. Huyo hata simu ya kuchezea hana. Kijana amesema nini?"

"Hasemi." Phyllis hakuinua uso. "Ninamsalimia, ananyamaza, halafu anakata."

"Anakata? Mama mzazi?" Mama Bosire alisahau kunong'ona. "Huyo ameoa mzungu! Ama anaogopa utamwomba pesa. Hawa watoto wakifika kule, wakisikia sauti ya nyumbani wanasikia mkono ukiingia mfukoni."

Vichwa viwili vitatu vikageuka. Phyllis akahisi uso ukimwaka. Angeweza kusema mengi, kwamba Kiplimo alikuwa mtoto wa kuamkia hata mbwa wa jirani, lakini alichambua tu.

Mama Bosire aliona amekosea. Akateremsha sauti. "Dada, usinune. Mimi mdomo wangu hauna breki. Lakini sikia: mpe Mzee simu ashike mwenyewe. Mama unaweza kumnunia, ukijua atakusamehe kesho. Baba hakatiwi."

*

Siku ya tatu Mzee aliomba koti. Phyllis alimvalisha juu ya pajama, akamfunga vifungo, akamchana nywele zile chache. Ikamchukua robo saa kutoka chumbani hadi kwenye kiti cha simu. Alikaa wima kama anayepigwa picha.

"Nitamsalimia," akasema. Sauti ilikuwa imebaki upepo tu, mkwaruzo wa jani kavu kwenye bati. "Akiitikia tu. Akiitikia mara moja, mimi nitamaliza."

Phyllis akazungusha. Mashine iliponyanyua alimpa upesi, akamshikia mkono wa simu sikioni, na akaweka shavu lake karibu.

Alikuja kuukumbuka uso ule maisha yake yote. Sauti ya Kiplimo ilipotoka, macho ya Mzee yalifunguka kama ya mtu aliyeitwa jina lake gizani. Midomo ikaenda pamoja na maneno ya Kiingereza asiyoyajua. Miaka mitatu na neno lake kavu, na sasa hii hapa, sauti aliyoikataa, inaingia sikioni mwake mwenyewe. Chozi moja likamtoka likaingia kwenye ndevu.

Tiii.

"Subai," Mzee akasema.

Hiyo ndiyo salamu ya mwanamume mzima kwa kijana wake. Jibu lake ni moja, fupi, hata mtoto wa kuchunga ndama analijua: Epa. Halichukui pumzi.

Mzee akangoja. Saa ya ukutani ilikwenda. Jogoo akapita sebuleni akatoka. Phyllis alitamani kuivuta ile simu apige kelele, aseme mwitikie baba yako, mwitikie kabla sijafa mimi, lakini salamu ilikuwa kati ya wanaume wawili, na mwanamke haingii hapo. Mzee hakurudia. Mwanamume haombi kuitikiwa.

Kikabofya.

Alimrudishia Phyllis mkono wa simu kwa mikono miwili, taratibu, kama anayerudisha chombo cha watu.

"Nimeisikia sauti yake," akasema.

"Laini ile, Baba Kiplimo. Laini ni mbaya."

"Laini ilikuwa nzuri. Nimemsikia akipumua." Akameza kwa shida. "Hajaniitikia. Usimkosee huyo mtoto. Mimi nilimwambia nisisikie sauti yake, yeye amekataa yangu. Tumelipana."

"Tutapiga kesho."

"Funga kufuli."

Akafunga. Mzee akanyosha kiganja, akapokea ufunguo, akautia mfuko wa ndani. Hakuomba simu tena. Siku mbili baadaye, alfajiri, Phyllis alimletea maji ya vuguvugu kwa kijiko, na maji yakatoka yalivyoingia.

*

Walimzika ndani ya shamba, kwenye ukingo wa majani chai yake, mahali unapoweza kupaona ukiwa sebuleni. Watu walikuwa wengi. Fancy alilia mpaka sauti ikapotea. Mchungaji aliuliza kama mtoto wa Amerika ametuma neno, na mzee mmoja wa ukoo akajibu kabla ya Phyllis, "Huyo alishakata simu." Phyllis akaangalia viatu vyake.

Ni siku nne baada ya mazishi ndipo walipotafuta ufunguo. Fancy alikuwa amesema lazima Kiplimo aambiwe, hata kama amenuna. Wakaangalia kabatini, wakaangalia chini ya godoro. Kisha Phyllis akakaa chini, mkono mdomoni.

"Koti," akasema.

Walikuwa wamemzika na koti lake la kanisani. Ufunguo ulikuwa umekwenda naye.

Mama Bosire akamtuma Mosoti, ambaye alikuwa shemeji yake. Akaja jioni na msumeno mdogo wa chuma, akatoa pole zake, akakaa kukereza lile kufuli. Unga wa shaba ukadondoka kwenye kitambaa cha mashono.

"Hata ukilifungua," Phyllis akamwambia, "mtoto mwenyewe haongei. Anasema Kiingereza kidogo, mashine inalia tiii, ukimsalimia ananyamaza, halafu anakata."

Msumeno ukasimama.

"Anasema Kiingereza kilekile kila siku, mama?"

"Kilekile."

"Kisha tiii?"

"Kisha tiii."

Mosoti akamaliza kukata kufuli. Akazungusha namba kutoka kwenye kalenda, akangoja, akasikiliza. Kisha akampa Phyllis asikilize, akakata, akazungusha tena, akampa tena. Sauti ya Kiplimo ilikuja mara mbili, na mkwaruzo uleule mahali palepale, na kale kapumzi kabla ya pliz, palepale.

"Huyu si yeye, mama," Mosoti akasema kwa upole sana. "Ni kaseti. Ile mashine haimnyanyulii simu. Inaongea badala yake akiwa hayuko. Anasema, mimi siko nyumbani, tafadhali acha maneno yako. Halafu inangoja useme. Ukinyamaza, inafikiri umemaliza, inakata."

Phyllis akaweka mkono wa simu juu ya kitambaa.

"Hayuko?"

"Hayuko. Pengine amesafiri kibarua."

"Hata siku ile ya Mzee, hakuwepo?"

"Hakuwepo, mama."

"Kwa hiyo Mzee alisalimia kaseti."

Mosoti akainamisha kichwa. Fancy akageukia ukuta. "Nilicheka," akasema. "Nilisoma mimi mwenyewe, na nikacheka."

"Tulicheka wote," Phyllis akasema. Akaenda mpaka dirishani. Udongo pale ukingoni ulikuwa bado mwekundu, haujaota hata jani. Siku nane tu. Fundi huyu angekuja siku nane mapema, na msumeno wake na akili yake, Mzee angekufa akijua hakunyimwa. "Tumelipana," alikuwa amesema. Akaenda na hilo.

"Mama," Mosoti akaita, "acha ujumbe basi. Nitapiga tena, ukisikia tiii sema moja kwa moja, usingoje. Sema Mzee amefariki. Atakuta."

Phyllis akachukua mkono wa simu. Sauti ikaja, hom, pliz, tiii. Akafungua mdomo. Fancy alikuwa anamwashiria kwa mikono, sema, sema. Lakini atasemaje? Amwambie mtoto kifo cha baba yake kupitia kaseti, aje kukikuta chumbani peke yake na steshoni zake arobaini, hakuna hata wa kumshika? Bila chamgei?

Akarudisha mkono wa simu mahali pake.

"Nitamngoja apige," akasema.

*

Simu ililia siku ya kumi na moja tangu Mzee aondoke. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia katika nyumba ile, na Phyllis, aliyekuwa nje anaanika mahindi, hakujua ni sauti ya nini. Alifikiri ni kengele ya baiskeli ndani ya nyumba. Kisha akaangusha ungo akakimbia.

"Epa!"

Ndilo neno lililotoka kabla hajasema haloo. Sauti ilikuwa kubwa, inacheka, inalia.

"Epa, Baba! Epa! Epa!"

"Ni mimi," Phyllis akasema.

"Mama! Mama, nimerudi jana usiku! Nilikuwa mbali, kiwanda cha samaki, wiki sita, hakuna hata barua inayofika. Nimefungua mlango naona taa ya mashine inawaka na kuzima. Nikabonyeza. Wewe ukanisalimia. Nikabonyeza tena, wewe tena, unapiga kelele, nikacheka, nikasema nyumbani ni kuzuri. Halafu ya tatu..." Akakwama. "Mama, ya tatu ni Baba. Baba amenisalimia! Amesema subai. Sauti ndogo, kama anajificha usimsikie. Nimeisikiliza mpaka jirani akagonga ukuta. Nimelala nayo sikioni. Namba yenu nimeikuta asubuhi hii kwenye barua ya Fancy. Niitie Baba. Nataka aisikie epa yangu kwa masikio yake. Yuko wapi, yuko kwenye chai?"

"Yuko kwenye chai," Phyllis akasema.

"Muite, Mama!"

Alivuta simu, na waya wake, mpaka uliponyooka. Ulifika hatua mbili kabla ya kizingiti. Mlango ulikuwa wazi, na mbele yake majani yalishuka mpaka ukingoni, kwenye ule udongo mwekundu. Akaunyosha mkono wa simu nje, mbele yake, kwa mkono ulionyooka.

"Sema," akasema. "Sema kwa nguvu."

Sauti ikatoka ndogo kama ya nyenje. "Epa! Epa, Baba! Nimekusikia! Epa!"

Upepo ukapita juu ya majani. Fancy akatoka jikoni, akasimama na mwiko.

Phyllis akarudisha simu sikioni. Huko upande wa pili Kiplimo alikuwa bado anacheka, anapumua kwa nguvu kama aliyemaliza mbio.

"Hajibu?" akauliza. "Bado amenuna mzee wangu? Si kitu. Oh, Mama, na mimi nimekosa adabu, hata sijakusalimia wewe. Chamgei, Mama?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa pale tangu alipojifunza kusema. Lilipanda lenyewe, mising, lisukumwe tu na pumzi, na baada yake lingekuja nzuri, na baada ya nzuri lingekuja ila. Phyllis alifunga midomo. Akalishika hapo.

Waya ukavuma.

"Chamgei, Mama?" Kiplimo akarudia, polepole zaidi.

Hakuitikia.

Akasikia kiti kikivutwa huko mbali, na mtu mzito akikikalia. Televisheni iliyokuwa ikizungumza nyuma yake ikazimwa. Pumzi za mbio zikaisha. Kimya kilikaa muda mrefu, na hakuna mashine iliyokikata.

"Lini?" Kiplimo akauliza.

"Siku mbili," mama yake akasema, "baada ya kukusalimia."